Shule ya watoto 180 nayo ina madarasa manane: barua ya wazi kuhusu ruzuku na ikama

Kwa:
Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa)
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Waziri wa Fedha
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora
Tume ya Utumishi wa Walimu
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote za Wilaya

Waheshimiwa,

Tunaandika kuhusu shule za msingi za serikali zilizo mwisho wa barabara, zile zenye wanafunzi 150, 180 au 220, ambazo gari la halmashauri huzifikia kiangazi tu. Tuna jambo moja. Shule hizi zinagawiwa fedha na walimu kwa kuhesabu vichwa vya watoto, ilhali mzigo wao hauletwi na vichwa. Unaletwa na idadi ya madarasa ambayo lazima yafundishwe kila siku, na kilomita ambazo lazima ziendwe ili shule iendelee kuwa shule. Kanuni hiyo ikibaki ilivyo, kila nyongeza mtakayotangaza bungeni itateremkia shule kubwa za kando ya lami, nazo za mwisho wa barabara zitaendelea kuhesabiwa kuwa zimetoshelezwa.

Tuanze na fedha, maana hesabu yake ni fupi.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uanze mwaka 2002, kiwango cha ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi kimepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Wakati ule zilikuwa karibu dola 10 za Marekani. Leo hazifiki dola 5. Ulipokuja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 na elimu bila malipo ikaanza Januari 2016, mgawanyo ukawa huu: 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinakwenda kwenye akaunti ya shule kwa mafungu ya kila mwezi. Gawanya 6,000 kwa miezi 12 upate 500. Shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi ndizo zinazonunua chaki, karatasi, kufuli, mpira, sabuni ya chooni na nauli ya mwalimu mkuu.

Shule ya wanafunzi 1,200 inapata 600,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini inapangika. Shule ya wanafunzi 180 inapata 90,000. Mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo anapokea posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi, nayo ni haki yake, hatuigusi. Tunachosema ni kwamba mtu mmoja amepewa posho inayozidi mara mbili bajeti ya taasisi anayoiongoza, na kila anayezijua shule hizi anajua posho hiyo inakoishia: inalipa nauli, inachapisha mitihani, inanunua bando la kutuma takwimu. Kwenye vitabu vya mahesabu ya shule fedha hizo hazionekani, kwa hiyo hakuna mkaguzi anayeona kwamba shule inaendeshwa kwa mfuko wa mtumishi.

Tazameni 90,000 zinavyoisha. Chukueni Darasa la III hadi la VII wawe watoto 120, wafanye jaribio moja la mwezi, masomo sita, kila somo kurasa mbili. Hizo ni kurasa 1,440. Hata mwenye mashine akiwahurumia kwa shilingi 50 kwa ukurasa, ni 72,000. Zimebaki 18,000. Vyumba saba vikitumia vipande vinne tu vya chaki kwa siku, kwa siku 20 za masomo ni vipande 560, yaani pakiti sita za vipande 100. Bado daftari za maandalio ya masomo, kalamu nyekundu, na bawaba ya mlango ulioanguka. Bado safari ya mwalimu mkuu kwenda makao makuu ya halmashauri, ambayo kwa bodaboda ya kilomita 70 kwenda na 70 kurudi inaweza kumeza hiyo 18,000 yote peke yake.

Ndiyo maana jaribio linaandikwa ubaoni. Watu wa ofisini hudhani hilo ni jambo dogo. Mtoto anayenakili maswali 40 kutoka ubaoni anapoteza nusu ya muda wa mtihani kabla hajajibu swali la kwanza. Aliyekaa nyuma, au mwenye macho yasiyoona mbali, anaandika 54 palipokuwa na 45, kisha anakosa hesabu ambayo angeiweza. Mchoro wa Sayansi hauchoreki ubaoni kwa usahihi, kwa hiyo maswali ya michoro yanaachwa, halafu watoto wanakutana nayo kwa mara ya kwanza kwenye upimaji wa kitaifa wa Darasa la IV. Matokeo yakitoka, mwalimu mkuu anaitwa kujieleza.

Kuna na jambo la risiti. Kanuni inataka kila malipo ya fedha za umma yawe na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na manunuzi sasa yanapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, ambao humo mtoa huduma lazima awe amejisajili, na ili ajisajili awe na namba ya mlipakodi. Tunaelewa sababu, fedha za shule zimeliwa kwa risiti za kuandikwa mkononi, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelisema hilo miaka nenda miaka rudi. Lakini fundi seremala wa kijijini, anayeweza kupigilia madawati kumi kwa siku moja, hana namba, hana mashine, na simu yake ni ya vitufe. Mwalimu mkuu ana njia mbili. Amlipe fundi huyo, apate hoja ya ukaguzi. Au asafiri mjini, anunue misumari na bawaba kwenye duka lenye mashine, arudi, halafu amwombe fundi apige bure au amlipe kutoka mfukoni. Bawaba mbili zinasafiri kilomita 70 ili zipate risiti.

Tunaomba utaratibu wa manunuzi madogo ya kijijini ambao unakaguliwa kwa njia nyingine. Wekeni kikomo kwa mwezi. Fundi aandike hati ya kupokea fedha kwa jina lake na alama ya dole gumba, mwenyekiti wa kamati ya shule na mtendaji wa kijiji washuhudie, picha ya kazi kabla na baada iwekwe kwenye jalada, na malipo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kwa siku 14. Mwizi anaiogopa karatasi iliyobandikwa mbele ya wanaomjua fundi na wanaoyajua madawati kuliko anavyoiogopa mashine.

Sasa kanuni yenyewe. Gharama za shule ziko za aina tatu. Zipo zinazofuata mtoto: karatasi, daftari, dawa. Zipo zinazofuata shule kuwepo tu, iwe na watoto 150 au 1,500: taarifa za kila mwezi na kila robo, vikao vya kamati, takwimu za mwaka zinazofungwa Machi 31, usajili wa watahiniwa, kufuli, mlinzi. Na zipo zinazofuata barabara. Ruzuku ya sasa inajua aina ya kwanza peke yake.

Pendekezo letu ni kiwango cha msingi kwa kila shule, halafu kiasi kwa mtoto, halafu nyongeza ya umbali. Tuseme 120,000 kwa shule kwa mwezi na 400 kwa mtoto. Shule ya watoto 180 inapata 192,000 badala ya 90,000. Shule ya 600 inapata 360,000 badala ya 300,000. Shule ya 1,200 haipandi wala haishuki. Shule ya 2,000 inashuka kutoka 1,000,000 hadi 920,000, na hapo mnaweza kuweka sharti kwamba hakuna shule itakayopata pungufu ya ilichokuwa ikipata.

Kama Hazina itasema haina nyongeza, ipo njia ya unyenyekevu zaidi: 100,000 kwa shule na 340 kwa mtoto. Mstari wa kutopata wala kukosa unakuwa wanafunzi 625. Shule ya 180 inapata 161,200. Walimu wakuu wa shule kubwa watalalamika. Waelezeni kwamba shule ya wanafunzi 1,500 iliyo mjini ina wazazi wenye uwezo wa kuchangia kwa hiari, ina stationari ng'ambo ya barabara, na mwalimu mkuu wake huenda halmashauri kwa miguu.

Nyongeza ya umbali isiwe ya kukadiria kwa macho, maana kila mbunge atasema jimbo lake liko mbali. Pimeni kilomita za barabara, si mstari ulionyooka kwenye ramani, kutoka shuleni hadi makao makuu ya halmashauri. Kilomita 20 za mwanzo zisihesabiwe. Kila kilomita 10 zinazozidi hapo ziongezewe 10,000 kwa mwezi. Shule iliyo kilomita 70 inapata 50,000 zaidi. Visiwa na vijiji vinavyokatwa na mito wakati wa masika viwekewe kipimo chao, kwa sababu huko kilomita tano zinaweza kuwa siku nzima.

Jambo la haraka kuliko yote liko kwenye kalenda. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la I na la III. Walioanza Darasa la III mwaka huo wanamaliza elimu ya msingi Darasa la VI mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa Darasa la IV wanamaliza la VII. Mazungumzo yote tunayoyasikia ni ya sekondari: Januari 2028 Kidato cha Kwanza kitapokea mikondo miwili kwa mpigo, watakaa wapi, madawati yatatoka wapi. Ni sawa, wajiandae. Lakini hatujaona anayeuliza kitakachotokea huku chini. Shule ya watoto 180 itakuwa na karibu 158. Ruzuku yake itashuka yenyewe, bila waraka wowote, kutoka 90,000 hadi 79,000. Kilomita hazitapungua hata moja. Na shule yenye watoto 270 na walimu sita, ambayo leo iko sawasawa na uwiano wa 1:45 (mwalimu mmoja kwa watoto 45), itabaki na watoto karibu 236. Ukigawa kwa 45 unapata walimu watano na kidogo. Kwenye karatasi mwalimu wa sita atakuwa ziada, na tunajua ziada hupelekwa wapi.

Hapo ndipo tunaingia kwenye ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inahesabiwa kuistahili.

Uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 ni kipimo kizuri kwa shule yenye mikondo. Kwa shule ndogo ni kipimo kinachodanganya. Wanafunzi 180 kwa 45 ni walimu wanne. Lakini wanafunzi hao wamekaa katika madarasa manane: Awali, na la I hadi la VII. Mwalimu mmoja anashika Awali siku nzima. Wamebaki watatu kwa madarasa saba. Tuchukue wastani wa vipindi 30 kwa wiki kwa kila darasa: ni vipindi 210, yaani 70 kwa kila mwalimu, yaani 14 kwa siku. Siku ya shule haina vipindi 14. Kila mmoja akifundisha nane kwa siku bila kupumua, bila kusahihisha daftari, watatu hao wanafikia 120 kwa wiki. Vipindi 90 havina mtu. Hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliye likizo ya uzazi, hakuna msiba, na mwalimu mkuu hajaitwa wilayani. Akiitwa siku moja, vipindi 90 vinakuwa 98.

Shule hiyo kwenye taarifa ya halmashauri imeandikwa: ikama imetimia.

Kipimo tunachoomba ni rahisi kukikumbuka: shule isiwe na walimu pungufu ya idadi ya madarasa iliyo nayo. Madarasa manane, walimu wanane. Kuanzia Januari 2028, likiondoka la VII, walimu saba. Ukikokotoa, kila mwalimu asiye wa Awali anapata vipindi 30 kwa wiki, sita kwa siku, na muda wa kusahihisha unabaki. Uwiano wa 1:45 uendelee kutumika juu ya kiwango hicho, si chini yake.

Kuna watakaosema tufundishe madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, mwalimu mmoja. Inawezekana, na nchi nyingi zenye vijiji vilivyotawanyika zinafanya, lakini kwa masharti. Mwalimu awe amefundishwa jinsi ya kuandaa somo la namna hiyo. Kundi moja lipewe kazi ya mikono au ya daftari wakati lingine linafundishwa, kisha wabadilishane kila baada ya dakika 15 au 20. Viwepo vitabu vya kutosha, kwa sababu kundi linalojisomea bila kitabu linakuwa kundi linalopiga kelele. Sanaa na Michezo inaunganishika kwa urahisi, Historia ya Tanzania na Maadili kwa kiasi fulani. Hisabati ya la III na la IV haiunganishiki, na la IV lina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo msiliguse. La I na la II nayo tunashauri yaachwe. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji mtu anayemsikiliza yeye akisoma, na hilo halifanyiki kwa kugeuka nyuma mara mojamoja. Kinachofanyika sasa si ufundishaji wa namna hiyo. Ni mwalimu kuandika kazi ubaoni darasa moja na kukimbilia jingine.

Shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, ni kichaka kingine cha takwimu. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, vilijengwa vyumba 3,000 katika shule shikizi, na vimepunguzia watoto wa miaka mitano na sita safari za kuvuka mito. Tunashukuru. Ila shikizi isiyosajiliwa haina akaunti, haina ikama. Watoto wake wamo ndani ya hesabu ya shule mama, na mwalimu wake ametolewa huko. Shule mama yenye walimu sita inayotuma wawili shikizi ina wanne, lakini mfumo unaona sita. Ipeni kila shikizi namba yake kwenye mfumo wa takwimu hata kabla ya usajili kamili, yenye mistari minne tu: watoto wangapi, madarasa mangapi, walimu gani wanalala huko, umbali hadi shule mama.

Walimu watatoka wapi? Kwanza ndani ya halmashauri zenyewe. Ni nadra kukuta halmashauri ya wilaya isiyo na shule yenye walimu wa ziada karibu na makao makuu yake. TAMISEMI imeagiza msawazo mara nyingi na unakwama mahali palepale: mwalimu anayehamishwa kwa manufaa ya umma analipwa, na halmashauri haijatenga fedha. Kwa Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma, posho ya usumbufu ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Mwalimu wa mshahara wa 800,000 kwa mwezi anastahili 960,000 kwa kifungu hicho pekee, kabla ya posho ya kujikimu ya siku 14, nauli za familia na kusafirisha mizigo. Walimu kumi ni 9,600,000 za usumbufu tu. Mkurugenzi anapima: akiwahamisha bila fedha anazalisha deni, wakidai linakuwa hoja, asipowahamisha hakuna anayemuuliza. Anaacha.

Kwa hiyo agizo la msawazo lisilo na kifungu cha bajeti ni karatasi. Tunaomba kila halmashauri ilazimishwe kuonyesha kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti za halmashauri, mstari wake wa uhamisho wa walimu ndani ya halmashauri, wenye majina ya shule zinazotoa na zinazopokea, na bajeti isiyo nao irudishwe kama inavyorudishwa bajeti isiyo na mishahara. Isiwe lazima wote kwa mwaka mmoja. Walimu 15 kwa mwaka kwa miaka mitatu ni walimu 45, nao wanajaza pengo la shule kumi na zaidi.

Pili, zibeni tundu. Uhamisho wa kufuata mwenza, wa ugonjwa, wa kubadilishana, una sababu zake za kibinadamu na hatuwezi kuupinga. Kinachoua ni kwamba mwalimu anaondoka Machi na nafasi yake inasubiri kibali cha ajira cha mwaka unaofuata, ambacho kikija kinagawiwa kwa halmashauri, si kwa shule iliyoachwa. Wekeni sharti kwa shule zilizo chini ya kiwango: barua ya kuondoka inaanza kufanya kazi siku mbadala anaporipoti, na mbadala atafutwe ndani ya siku 60. Bila ukomo wa siku mwalimu anakuwa mfungwa, naye atatoka kwa njia nyingine, ya kujiuzulu au ya cheti cha daktari.

Tatu, nafasi mpya zitangazwe kwa jina la shule. Leo mwombaji anajaza maombi, anafanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, anapangiwa halmashauri asiyoijua, na kituo chake anakisikia akiwa tayari na begi mkononi. Wengine wanageuza siku hiyohiyo. Tangazo likisema wazi kwamba nafasi ni ya shule fulani, kilomita 85 kutoka makao makuu, haina umeme wa gridi, nyumba ipo chumba kimoja, maji kisimani, ataomba aliyekubali. Na wapo: waliozaliwa kata hiyo, walioolewa huko, wanaojitolea huko sasa kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Anayejitolea kwa miaka miwili kwenye shule ya namna hiyo, akiwa na sifa, apewe alama za nyongeza kwenye usaili. Wapelekwe wawili wawili, hasa walimu wa kike. Mwalimu mgeni aliye peke yake kijijini huwa ameanza kuandika barua ya uhamisho kabla ya likizo ya kwanza.

Nyumba ni nusu ya ikama. Mwalimu asiye na pa kulala analala stoo ya shule, au anapanga kijiji cha jirani na kufika saa mbili na nusu. Kwa shule zilizo chini ya kiwango tunaomba mpangilio wa ujenzi ugeuzwe: nyumba moja ya familia mbili ijengwe kabla ya chumba cha tisa cha darasa ambacho hakina mwalimu wa kusimama ndani. Vyoo vifuate, kwa kipimo chenu wenyewe cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana 90 na wavulana 90 ni matundu matano na manne.

Na mnapojenga, acheni bei moja kwa nchi nzima. Vyumba vile vya mwaka 2021 vilipewa milioni 20 kila kimoja, kando ya lami na mwisho wa barabara. Saruji inayobebwa kwa lori hadi mji wa wilaya, ikahamishiwa trekta, kisha ikavushwa mto kwa mkokoteni, haiwezi kuwa na bei ya saruji ya mjini. Fedha zikipungua, kinachopunguzwa ni kile kisichoonekana siku ya makabidhiano: kina cha msingi, nondo za lenta, unene wa sakafu. Sakafu nyembamba inafanya mashimo ndani ya mwaka wa pili, miguu ya madawati inayapanua, na ruzuku ya 90,000 ndiyo inayoombwa kuziba.

Maboma ya wananchi nayo yana muda wake wa kuishi. Ukuta uliofika kwenye lenta bila paa unakula masika mawili au matatu. Udongo wa maungio unamomonyoka kuanzia juu, maji yanasimama ndani na kulegeza msingi, mhandisi anakuja na kusema ubomolewe. Kijiji kilichobomolewa nguvu zake hakichangi tena. Msiruhusu boma lianze kabla halmashauri haijasaini mwezi wa kuezeka. Wakishindwa kusaini, afadhali matofali yabaki yamepangwa na kufunikwa.

Wakati wa kufanya haya ni mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti ya mwaka 2027/28, kwa kuwa Januari 2028 imo ndani yake. Mwongozo ukitoka bila kiwango cha msingi cha ruzuku na bila kiwango cha chini cha walimu, madiwani wataipitisha bajeti ya uwiano uleule, na mfumo wa malipo utazikata shule hizi wenyewe ifikapo mwezi wa kwanza.

Kabla ya hapo, agizeni kila Afisa Elimu Kata alete ukurasa mmoja kwa kila shule yenye watoto chini ya 300, wenye mambo saba: idadi ya madarasa, walimu waliolala kijijini usiku wa kuamkia siku ya kujaza fomu, si walio kwenye orodha ya mishahara, vipindi vilivyofundishwa wiki iliyopita kati ya vilivyopangwa, vikinakiliwa kutoka kwenye daftari la vipindi linalosainiwa na kiranja wa darasa, kilomita za barabara hadi halmashauri, miezi ambayo njia hukatika, ruzuku iliyoingia kila mwezi kwa miezi 12, na safari ambazo mwalimu mkuu alizifanya kwa miezi hiyo, na nani alilipa. Safu hiyo ya mwisho ijazwe bila jina, na mtoe ahadi ya maandishi kwamba hakuna atakayeitwa kujieleza kwa alichoandika humo. Pasipo ahadi hiyo itarudi tupu.

Wenu,
Walimu wakuu wastaafu na wajumbe wa kamati za shule za msingi vijijini